Monita Mbovu Zifuatwe Hadi Visiwani

Tarehe 30 Januari, 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya monita za wagonjwa aina ya Contec CMS8000, ambazo huuzwa pia kwa jina la Epsimed MN-120. Iligunduliwa kwamba mashine hiyo, ikiunganishwa na intaneti, huweza kupeleka habari za mgonjwa nje ya hospitali, na kwamba mtu aliye mbali aweza kuiingilia akaivuruga. Hospitali zilishauriwa kuchomoa waya wa mtandao. FDA ilisema wakati huo kwamba haikuwa na habari ya mgonjwa yeyote aliyedhurika.

Sisi tunauliza: onyo la namna hiyo litamfikiaje muuguzi wa zamu aliyeko Ihanda, Karagwe, au kisiwani Bumbire? Monita ndiyo jicho lake usiku. Humwonyesha mapigo ya moyo, shinikizo la damu na oksijeni. Ikidanganya, naye hudanganyika. Mkoa wa Kagera, uliopatwa na Marburg mwaka 2023 na tena 2025, hauhitaji kufundishwa thamani ya chombo hicho.

Kiwanda kinapotaka bidhaa yake irudishwe, barua humwendea mnunuzi wa kwanza. Lakini chombo kilichotolewa msaada na hospitali ya ng'ambo, kikaletwa wilayani, kisha kikaazimwa kituo kingine, kiwanda hakijui tena kiliko. (Wako wafadhili ambao kazi yao huishia kwenye picha ya makabidhiano.)

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, inayo sheria ya kusimamia vifaa hivyo. Hatuna ugomvi na sheria. Kinachotakiwa ni daftari. Kila Mganga Mkuu wa Wilaya awe na orodha ya monita zake, aina, namba ya kiwandani, na mahali zilipo leo, si mahali zilipokabidhiwa. Onyo likitoka, wa Karagwe apige simu Ihanda, na wa Muleba apige Ikuza na Goziba, siku hiyo hiyo, bila kungoja barua ipande boti.

Liko jambo gumu zaidi. Kituo chenye monita moja tu hakitaitoa kwa hiari, hata kikiambiwa ni mbovu, wala hatuwezi kukilaumu. Basi afisa atakayetumwa Goziba kuichukua hana budi kwenda na nyingine ndani ya boti.