Hospitali za mipakani ziulizwe sasa

Septemba 27, 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg. Wagonjwa 66 walithibitishwa na 15 wakafariki. Wengi walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, hasa wa hospitali mbili za Kigali. Virusi vilikuwa vimeshaingia wodini. Hata hivyo, wizara ilitoa takwimu siku hadi siku: waliopimwa, waliopona, waliokufa. Mfanyabiashara wa Rusumo au Gatuna alijua hali ikoje kabla ya kupakia mzigo.

Januari 2025 ikawa zamu ya Biharamulo, wilaya ambayo malori ya Rwanda na Burundi huipita pale Lusahunga. Januari 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari. Wizara ya Tanzania ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha Marburg. Januari 20 Rais Samia akathibitisha mgonjwa wa kwanza. Siku sita si chache kwa dereva anayelala barabarani, wala kwa mama lishe anayempakulia chakula.

Hospitali za wilaya kando ya njia hizi ni za umma, na ushuru wa forodhani ni sehemu ya fedha zinazoziendesha. Anayeulipa ana haki ya kujua kama kuna chumba cha kutenga wagonjwa, mavazi ya kinga yatatosha siku ngapi, sampuli hupelekwa wapi na majibu hurudi lini. Hayo yabandikwe ukutani na yasomwe kwenye baraza la madiwani, kama yasomwavyo mapato ya soko. Mganga mfawidhi asiye na majibu aulizwe leo, wodi ikiwa tupu.