Kifaru Kipimwe kwa Wanaotoka Hai

Mazungumzo kuhusu vifaru vya kivita huishia mara nyingi kwenye unene wa deraya na ukubwa wa mzinga. Hayo ni ya kuulizwa, lakini lipo swali zito zaidi: deraya ikishatobolewa, waliomo ndani wana nafasi gani ya kutoka? Hakuna kifaru kisichotoboleka. Na kila kifaru hubeba makombora pamoja na baruti ya kuyarusha, umbali mfupi tu kutoka walipokaa wanajeshi wake. Baruti hiyo ikishika moto, unene wa chuma cha nje hauwasaidii tena. Kwa hiyo mahali makombora yanapowekwa panastahili kuwa kipimo cha kwanza cha kifaru, si jambo la kuachiwa mafundi.

Ushahidi ni wa tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kifaru cha Kimarekani aina ya Sherman kilijulikana kwa kuwaka upesi, na lawama ikatupiwa petroli. Jeshi la Marekani lilipochunguza, lilikuta chanzo kikuu ni makombora yaliyopangwa ubavuni, juu ya minyororo. Kuanzia mwaka 1944 yakahamishiwa sakafuni, ndani ya makasha yaliyozungukwa na maji. Katika vifaru vya mpangilio wa zamani vilivyotobolewa, asilimia 60 hadi 80 viliwaka; katika vile vya mpangilio mpya, asilimia 10 hadi 15. Petroli ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni makao ya makombora.

Wasovieti na Wamarekani walilijibu swali hilo kwa njia tofauti. Katika kifaru cha Kisovieti aina ya T-72, kilichoanza kazi miaka ya 1970, makombora 22 hupangwa kwa duara chini ya mnara wa mzinga, miguuni pa kamanda na mpiga mzinga, na mengine huhifadhiwa huku na huko ndani ya chumba hichohicho. Hakuna ukuta kati ya mtu na baruti. Inapolipuka, shinikizo huung'oa mnara na kuurusha hewani, kama ilivyoonekana mara nyingi Ukraine tangu 2022. Katika Abrams ya Marekani, iliyoanza kutumika 1980, makombora mengi hukaa nyuma ya mnara, yakitengwa na wanajeshi kwa milango ya chuma. Paa la chumba hicho lina vibao vilivyofanywa dhaifu kwa makusudi: moto ukiwaka, vibao hufyatuka na shinikizo kutokea juu, kama mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria. Kifaru kinaweza kuteketea, lakini wanne waliomo wanapata muda wa kuruka nje.

Watetezi wa mpangilio wa Kisovieti wana hoja. Mashine ya kupakia makombora iliondoa haja ya mtu wa nne, kifaru kikawa kifupi na chepesi, na duara lile la chini ni gumu kulengwa kutoka mbele. Ni kweli pia kwamba moto mwingi huanzia kwenye makombora ya ziada, si kwenye duara. Lakini hesabu hiyo ilifanywa kwa vita ambavyo adui yuko mbele. Leo makombora ya adui na droni hushambulia kutoka juu. Na Warusi wenyewe wameliona: katika T-90M sehemu ya makombora ya ziada imehamishiwa kwenye kasha la nje nyuma ya mnara, na T-14, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 2015, imewaweka wanajeshi katika chumba chao mbali na makombora.

Wengine watasema kuta za kutenga makombora nazo haziaminiki, wakitaja vifaru vya Leopard 2 vya Uturuki vilivyosambaratika karibu na al-Bab, Syria, mwishoni mwa 2016. Mfano huo unaithibitisha hoja badala ya kuipinga. Leopard 2 ina makombora 15 nyuma ya mnara yenye kinga ya vibao, lakini mengine 27 hukaa kando ya dereva bila kinga ya aina hiyo. Nusu kinga huleta nusu usalama. Hata Abrams inategemea nidhamu: mlango ukiachwa wazi ili kuharakisha upakiaji, ukuta hauna kazi. Na kwa anayesema kifaru kikiungua hasara ni ileile, jibu ni kwamba kiwanda kinaweza kutoa kifaru kingine, ila hakitoi kamanda mwenye uzoefu.

Suala hili limefika kwetu pia. Meli ya MV Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008, ilikuwa na vifaru 33 aina ya T-72, nayo ilitia nanga Mombasa Februari 2009 huku mabishano yakiwa ni nani mwenye mali, Kenya au Sudan Kusini. Uganda nayo imenunua vifaru vya T-90. Silaha hizi hulipiwa na kodi ya wananchi na huendeshwa na watoto wao. Wabunge wanaoletewa bajeti za ulinzi wana haki ya kuhoji bei na idadi; waongeze na swali la makombora yanakaa wapi, na likiwaka moja, nani atatoka hai.