Mwenda Pole Hajikwai: Haja ya Msafara wa Pwani kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali hii hupamba insha nyingi za wanafunzi wa Kiswahili, ilhali masomo yao wenyewe aghalabu huendeshwa kwa kukaa. Mwanafunzi huandika daftarini orodha ya lahaja: Kivumba, Chichifundi, Kimvita, Kijomvu, Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu. Huikariri usiku wa kuamkia mtihani, huitapika asubuhi yake, na baada ya miaka minne hufuzu pasi na kuwahi kukaa barazani na msemaji wa hata moja kati ya lahaja hizo. Kisha hupelekwa shuleni kuwafunza wengine orodha iyo hiyo.

Ni kweli kuwa ziara za Pwani zipo, na vyama vya wanafunzi huziandaa kila fedha zinapopatikana. Kasoro yake ni mwendo. Wasafiri hukesha katika basi au, tangu mwaka 2017, hupanda gari moshi la reli mpya hadi Miritini. Wakishafika Mombasa huzunguka Ngome ya Yesu kwa saa mbili, hupiga picha, huoga baharini jioni, na siku ya pili hurejea bara. Anayewauliza walichojifunza huonyeshwa picha. Pwani kwao imekuwa mahali pa kufika, wala haijawa njia ya kupita.

Kinachohitajika ni msafara wa mwendo wa pole, utakaoifuata bahari kwa barabara kutoka Vanga, mpakani na Tanzania, hadi Lamu. Masafa hayo ni zaidi ya kilomita 400, na gari la kasi laweza kuyamaliza kwa siku moja au mbili. Msafara wa wanafunzi uyape majuma mawili. Basi la chuo lisimame Shimoni, Gazi, Mombasa, Gede, Mambrui, Garsen na Mokowe, na kila kituo kipewe angalau usiku mmoja.

Mwenye shaka juu ya faida ya mwendo huo na aanze kwa kuitazama bahari yenyewe. Maji huchukua takriban saa sita kupwa na saa sita nyingine kujaa. Mgeni wa saa moja huona maji tu. Anayeshinda ufuoni kutwa nzima, pamoja na wavuvi wanaotengeneza nyavu zao, huiona bahari ikienda na kurudi. Huyo ndiye atakayeelewa tofauti ya bamvua na maji mafu, na kwa nini washairi wa Pwani huzijaza tungo zao kusi, kaskazi, matanga na nanga. Vilevile, pale Gazi atajifunza kuubagua mkoko na mkandaa, na mchu na mlilana. Majina haya humchosha katika kamusi, lakini hayamtoki tena akishatembezwa kwenye tope na mwenyeji anayejua mti upi hutoa boriti na upi hutoa kuni.

Faida ya pili ni ya sikio. Kule kusini msafiri atasikia Kidigo kikisemwa bega kwa bega na Kivumba na Chichifundi. Akivuka Likoni na kuingia Mji wa Kale wa Mombasa, atasikia macho yakiitwa mato, kichwa kikiitwa kitwa na mchele ukiitwa mtele. Akishika njia ya kaskazini atapita kwa Wagiriama, kisha kwa Wapokomo kandokando ya Mto Tana. Atakapofika Lamu atakuta maji yamekuwa mai, mji umekuwa mui na vitu vimekuwa zitu. Kiswahili, lugha za Wamijikenda na Kipokomo ni ndugu wa kundi la Sabaki, ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilichambua kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1993. Darasani udugu huo ni mchoro wa mistari ubaoni. Barabarani ni mabadiliko yanayosikika kituo hadi kituo, almuradi msafiri hasinzii garini. Fauka ya hayo, msafiri atapata la kutafakari: uamuzi wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifikiwa mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika Mombasa, nyumbani kwa Kimvita.

Faida ya tatu ni ya fasihi. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, husomwa na wengi kwa kuikodolea macho faharasa ya maneno. Mwanafunzi aliyekaa Mombasa siku tatu, akasikia watu wakinunua samaki na kubishana kwa Kimvita, ataisoma diwani hiyo kwa sikio jipya. Kaskazini zaidi, karibu na Kipini, kuna Ozi, ambako wenyeji husema ndiko aliko zikwa Fumo Liyongo. Kutoka Mokowe msafara utavuka kwa mashua hadi Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Humo mwanafunzi ataona zidaka zilizochongwa katika kuta za nyumba kongwe, na juu ya kichwa chake ataona boriti za miti ya mikoko aliyoiacha Gazi. Akivuka tena hadi Pate na kusimama katikati ya magofu, hatahitaji mhadhiri wa kumweleza kilichomliza Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hata akatunga Al-Inkishafi. Pate hiyohiyo ndiko alikozaliwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi mashuhuri mwaka 1858.

Huenda msomaji akasema kwamba haya yote yamo vitabuni na katika kanda zilizorekodiwa. Yamo baadhi, na hata hayo yamo kwa sababu kuna waliokuwa na subira. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo mwaka 1840. Sehemu kubwa ya tungo zake ingepotea lau Mwalimu Sikujua asingezikusanya kutoka vinywani mwa waliozihifadhi, kisha akashirikiana na mmisionari William Taylor kuziweka katika maandishi. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa ziara ya saa mbili. Alipofariki Ahmed Sheikh Nabhany mwaka 2017, Kiswahili kilimpoteza mzaliwa wa Lamu aliyejua kwa majina viungo vya vyombo vya bahari, na aliyeutungia uundaji wa chombo utenzi mzima, Sambo ya Kiwandeo. Wazee wa rika lake wanazidi kupungua. Kila mwaka ambao wanafunzi wanapita mbio kwenda ufuoni ni mwaka mmoja umepungua wa kuwasikiliza waliosalia.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Neno msafara lina historia nzito katika ukanda huu. Misafara ya karne ya 19 ilikieneza Kiswahili hadi Tabora, Ujiji na Kongo, lakini ilirudi Pwani na pembe za ndovu na watumwa. Mwanafunzi atakayeingia katika mapango ya Shimoni, ambayo simulizi za wenyeji huyahusisha na biashara ya watumwa, hana budi kujiuliza msafara wake mwenyewe unachukua nini na unaacha nini. Watafiti wengi wamekuja na vinasa sauti, wakachota, wakaenda zao, na mzee aliyewasimulia hakuuona ukurasa hata mmoja. Msafara wa wanafunzi usiwe wa kubeba tu. Nakala za yaliyorekodiwa zirudishwe kwa wenyewe na kwa shule za mahali pale. Jioni wageni nao waghani mashairi yao mbele ya wenyeji na wakubali kukosolewa. Hata adabu ya kubisha hodi, kumwamkia mkubwa shikamoo na kusubiri kukaribishwa ni sehemu ya somo.

Vipo vizingiti, na si haki kuvifumbia macho. Cha kwanza ni fedha. Hata hivyo, gharama kubwa katika ziara za sasa ni hoteli na chakula cha mjini. Msafara unaolala katika mabweni ya shule wakati wa likizo na kupika sufuria moja hautahitaji anasa hizo. Cha pili ni muda: kalenda za vyuo zimebana. Hili lina dawa iwapo idara zitaufanya msafara kuwa sehemu ya kozi ya lahaja au ya ushairi, yenye ripoti na alama, badala ya kuuacha kuwa burudani ya chama.

Cha tatu ni usalama, na hiki ndicho kizito zaidi. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, magari ya abiria ya njia ya Lamu yalilazimika kusafiri pamoja chini ya ulinzi wa polisi. Hivyo basi, sehemu ya kutoka Garsen hadi Mokowe ipitwe mchana, na kwa ushauri wa vyombo vya usalama. Siku vikikataza, msafara uishie Mambrui pasi na ubishi. Nusu ya njia iliyopitwa kwa makini ina faida kuliko njia nzima iliyopitwa usingizini, na uhai wa mwanafunzi hauna fidia.

Idara za Kiswahili zinalalamika kila mara kwamba wahitimu wao wanajua nadharia na hawajui lugha. Lawama hiyo haitaondoka kwa kuongeza mihadhara. Na lianze basi moja, mwalimu mmoja na wanafunzi thelathini, likizo moja tu, kutoka Vanga likielekea kaskazini taratibu. Wakirudi, orodha ile ya lahaja waifute ubaoni, na mahali pake waandike majina ya wazee waliowakaribisha. Mwenda pole hajikwai, na akifika hujua alikopitia.