Nyangumi Yumo, Kiswahili Hakimo

Kila ifikapo Julai 7, walimu na wanafunzi wetu huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hughaniwa mashairi, husomwa hotuba, na lugha ikasifiwa hata sifa zikakosa pa kukaa. Majira hayo hayo, pepo za kusi zikivuma, nyangumi wenye nundu hupita karibu na Mkwiro, kijiji kilicho upande wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini, wakitoka bahari za baridi kuja kuzaa katika maji ya uvuguvugu. Aghalabu hatufikiri kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Yanao.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha angani vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2. Kila kimoja kilipakiwa santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, iwe barua ya wanadamu kwa kiumbe yeyote atakayeiokota huko mbali. Mna humo muziki wa roki wa Chuck Berry, wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, sauti za nyangumi wa jamii iyo hiyo ipitayo Mkwiro, na salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo! Nayo Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa jua mwaka 2012. Hakuna awezaye kuifuata akaongeze neno.

Wapo watakaowalaumu wageni waliochagua. Lakini wahenga walikwisha kunena: asiyekuwapo na lake halipo. Je, sisi wenyewe tunaandika yapi?

Wavuvi wa Mkwiro wanajua bamvu na maji mafu, wanajua samaki gani huja kwa upepo upi, na wana majina ya viumbe wa bahari kwa Kivumba na Kichifundi ambayo mwanafunzi hayakuti katika vitabu vyake. Mwanafunzi huyo huisoma bahari kwa Kiingereza katika somo la sayansi, kisha hukijia Kiswahili kutafuta methali. Wazee wakiondoka, wataondoka na majina hayo.

Wala hili si suala la fahari ya lugha peke yake. Mwaka 1998 joto la bahari lilipoyageuza matumbawe ya pwani yetu kuwa meupe, na mengi yakafa, hasara iliweza kupimwa kwa kuwa wapo waliokuwa wameyahesabu kabla. Kisichoandikwa hakipimiki kikipotea.

Basi kila shule iliyo kando ya bahari na iwe na daftari lake: jina la samaki, mahali, majira, tarehe aliyoonekana nyangumi wa kwanza, na maelezo ya mzee aliyeulizwa. Kazi hii haihitaji mfadhili wala maabara. Yahitaji kalamu, subira, na mwalimu atakayekubali kwamba Kiswahili chaweza kubeba sayansi. Julai ijayo, badala ya hotuba moja, daftari hilo na lisomwe mbele ya wazazi. Walimu, kazi kwenu.