Mwezi wa Kuazima Hatuutaki!

Jamani, leo nasema, na atakayenuna na anune. Picha ya mwezi uliopatwa iliyotoka kwenye jalada la toleo letu lililopita ni ya uongo. Mimi ni mmoja wa wale tisa tuliokuwa Coco Beach Jumapili ile, Septemba 7, 2025. Niliuona mwezi kwa macho yangu haya mawili. Ule wa kwenye jalada sikuuona, na wewe msomaji wa Dar hukuuona, hata kama ulikuwa umepanda juu ya paa.

Mhariri amenipa ukurasa nijieleze. Namshukuru, ingawa kwenye kikao alinyoosha mkono pamoja na walionishinda. Saba kwa wawili. Haya, kura nimeshindwa, lakini mwezi haupigiwi kura.

Lilete toleo lile, kama hujalifungia maandazi, tulitazame pamoja. Unaona? Mwezi mkubwa kama sinia, mwekundu wote, unagusa bahari, na chini yake maji yanang'aa kama njia ya dhahabu. Picha nzuri, nakubali. Sasa sikiliza. Usiku ule mwezi ulichomoza baharini kwenye saa 12:20 jioni, wakati jua linazama nyuma yetu, na ulichomoza mzima, wa manjano, hauna hata doa la kivuli. Kivuli kilianza kuula saa 1:27 usiku. Ulikuja kumezwa wote saa 2:30. Wakati huo ulishapanda. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, panga ngumi tatu moja juu ya nyingine kuanzia pale bahari inapokutana na mbingu: hapo ndipo mwezi ulipokuwa ulipogeuka mwekundu. Nani aliuona ukigusa maji?

Na ile njia ya dhahabu? Mwezi ukipatwa wote nuru yake hufifia mno. Bahari ilikuwa nyeusi tititi. Ndiyo maana tuliziona nyota ambazo saa moja kabla hazikuwepo, na ndiyo maana mwenzetu mmoja alikanyaga sahani ya mihogo ya watu tukalipishwa. Maji yale ya dhahabu ni ya usiku mwingine, na mwezi ule umebandikwa juu yake.

Bado sijamaliza. Tazama lile doa jeupe kwenye mwezi wa jalada, lenye mistari kama jua lililochorwa na mtoto. Wataalamu wanaliita Tycho, na liko upande wa kusini wa mwezi. Kwenye jalada limekaa chini. Sisi tunaokaa karibu na ikweta, mwezi unapopanda kutoka baharini huwa umelala ubavu: kaskazini yake iko mkono wetu wa kushoto, kusini yake mkono wa kulia. Mwezi wenye Tycho chini ni wa mtu aliye mbali kaskazini, Ulaya huko, anayeutazama ukiwa juu upande wa kusini kwake. Niliishia kidato cha nne na fizikia nilipata F, tena F ya haki, sikuonewa. Haya nimeyajua kwa sababu nilikwenda, nikatazama, kisha nikauliza wanaojua. Hakuna uchawi hapo.

Sasa nije kwenye picha yetu, ile waliyoikataa.

Aliyeipiga ni dada mmoja wa kundi letu, ambaye siku za kazi hupiga picha za harusi na kipaimara. Kamera yake, lenzi ya milimita 300 ya kuazima, na stendi yenye mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Sisi wengine tulikuwa na simu. Mnajua zinachofanya simu: mwezi ukiwa mzima zinakupa kidoa cheupe kama taa ya pikipiki inayokuja, ukipatwa zinakupa giza lenye chenga. Na hatulaumu simu. Nyoosha mkono tena, safari hii utoe kidole cha mwisho: mwezi hauzidi nusu ya upana wake. Sisi ndio tunaoukuza vichwani.

Simu moja tu ndiyo ilitoa mwezi wenye mabonde na madoa yote, kabla kivuli hakijaingia. Mwenyewe akazunguka akijidai. Baadaye nikasoma kuwa mwaka 2023 mtu mmoja aliichukua picha ya mwezi, akaiharibu makusudi mpaka ikawa ukungu, akaiweka kwenye kompyuta, akasimama mbali akaipiga kwa simu ya aina fulani kubwa. Simu ikamrudishia mwezi wenye mabonde yaliyokuwa hayapo! Kampuni ikaeleza kwamba simu ikishatambua kuwa hicho ni mwezi, akili bandia huongezea umbo. Yaani simu inajua mwezi unavyotakiwa kuwa, wewe kazi yako kuielekeza tu. Lishike hilo, nitalirudia.

Dada yetu hakuwa na kitu cha kumchorea. Mwezi mzima unapigwa kwa kufumba na kufumbua, maana una nuru tele. Uliopatwa unataka kamera iache jicho lake wazi sekunde moja, mbili. Na mwezi hausubiri: kila dakika mbili hivi unakuwa umesogea upana wake mzima. Ukichelewesha unavutika kama lami, ukiharakisha unapata giza. Upepo wa bahari unatikisa stendi, mchanga unazama chini ya miguu yake, mawingu yanakuja yanaondoka. Saa nzima na zaidi alikuwa amepiga magoti pale, anazuia hata pumzi. Sisi tunakula mihogo na kubishana.

Tulibishana nini? Rangi. Watu tisa wanaojiita waandishi tulishindwa kuitaja rangi ya mwezi. Mmoja kasema kutu. Mwingine kasema tofali la kuchoma. Mwingine, chungu kikitoka motoni. Mimi nikasema chai ya rangi ukiiinua kwenye glasi mbele ya taa, wakanicheka. Mzee mmoja muuza kahawa akapita na birika lake, tukamwamkia, tukamwuliza, "Mzee wetu, hiyo rangi wewe unaionaje?" Akatazama juu. Akasema, "Wanangu, mwezi umepatwa. Nyinyi mnauliza nguo aliyovaa mgonjwa." Akaweka birika chini, akaomba maji ya kutawadha, akaenda pembeni kuswali. Tukanyamaza kidogo. Kidogo tu, maana tuna midomo.

Sijawahi kuona kundi letu likifanya kazi ya uandishi kama usiku ule wa kutafuta neno. Basi wiki mbili baadaye zikaletwa kazi za toleo. Mashairi na hadithi za watu walewale niliokaa nao mchangani. Nilizisoma zote kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Mwezi wa damu! Kila karatasi, mwezi wa damu. Kutu iko wapi? Tofali liko wapi? Lile birika la kahawa lililobaki peke yake mchangani linatoa moshi, liko wapi? Limemezwa na damu. Na hiyo damu tumeiokota kwenye vichwa vya habari vya watu wengine, tukaitafsiri harakaharaka kana kwamba sisi hatukuwa na neno. Tunalo. Mwezi UMEPATWA. Kama mtu anavyopatwa na jambo. Babu zetu waliuona mwezi ni wa kuonewa huruma, sisi tunautangaza kama filamu ya kutisha. Nuru ile nyekundu, mjue, ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa inayoizunguka dunia ukapinda na kuufikia mwezi: ni mapambazuko na magharibi ya pande zote, kwa wakati mmoja. Atakayeiona damu hapo ana lake.

Nilisema nitarudia habari ya simu. Ndiyo sisi hao! Tukishatambua tu kuwa jambo lenyewe ni mwezi, akili bandia iliyomo vichwani inachora mwezi iliouhifadhi.

Wala sijitoi. Kwenye riwaya yangu, sura ya tatu, niliandika kuwa mwezi mpevu ulichomoza usiku wa manane, Sabasi akamwona mchumba wake akitoroka. Nilijivunia sura ile, niliisoma mbele ya kundi, wakapiga makofi. Mwezi mpevu hauchomozi usiku wa manane, ndugu zangu. Huchomoza jua likizama. Miaka ishirini na minne nimeishi chini yake sikuwahi kuligundua hilo. Nimeichana sura nzima, kurasa kumi na moja, na Sabasi sasa sijui atamwonaje huyo mchumba.

Wenzangu walinijibu, na majibu yao nitayasema kwa haki. Mweka hazina alisema jalada ni biashara, msomaji anataka kinachovutia, na picha yetu ina kasoro. Simdharau; ndiye anayelala na nakala zisizouzika chini ya kitanda chake. Mshairi wetu mkubwa akaja na la nguvu zaidi: fasihi yote ni uongo, Sabasi wako mwenyewe hayupo duniani, unatutafutia nini? Pale walipiga meza. Nami sikupata jibu mpaka nilipokuwa kwenye daladala narudi nyumbani, kama kawaida yangu.

Jibu ni hili. Fungua ukurasa wa ndani, chini kabisa, herufi ndogo. Imeandikwa kuwa jalada ni kupatwa kwa mwezi, Coco Beach, Septemba 7, 2025, na limewekwa jina la dada yetu kama mpiga picha. Nani aliyesema Sabasi ni binamu yangu na anwani yake hii hapa? Msomaji wa hadithi anajua ameingia hadithini. Yule wa herufi ndogo tulimwambia tulikuwepo na hiki ndicho tulichokiona.

Na huyo dada, je? Hakuulizwa. Jina lake liko chini ya kazi ambayo hakuifanya, na ile aliyoifanya akipiga magoti saa nzima imeambiwa ina kasoro. Anapongezwa mitaani kwa picha ya mtu mwingine. Ajibu nini? Akisema si yangu, anatuumbua sote. Akinyamaza, yeye ndiye mwizi. Amechagua kutokuja vikaoni. Wiki ya sita sasa kiti chake tunawekea mabegi, na hakuna anayeuliza.

Hiyo kasoro yenyewe naitaka iwekwe wazi. Kwenye picha yake mwezi una rangi ya tofali, umevutika kidogo kama yai, na ukingo wa kulia umepauka. Mweka hazina alidhani ni taa ya hotelini imeingia kwenye lenzi. Si taa. Usiku ule mwezi haukupita katikati kabisa ya kivuli cha dunia, ulipita kusini ya katikati, kwa hiyo kusini yake ndiyo ilikuwa karibu zaidi na ukingo wa kivuli, ikapata nuru zaidi. Na kusini, kwetu sisi tuliokaa mchangani pale, ni kulia. Picha ile inasema ilipigwa wapi bila hata kuandikiwa.

Mwezi utapatwa wote tena mbele ya macho yetu Desemba 31, 2028, mkesha wa mwaka mpya, ukichomoza ukiwa tayari umeshaanza kuliwa. Siwezi kungoja mpaka hapo. Ninachotaka ni cha toleo hili: jina lake liondolewe pale, na picha yake itoke, hata ukurasa wa ndani, hata kwa wino mweusi.

Nimeisafishia kwa fedha yangu, Kariakoo. Nyuma yake nimeandika jina lake na saa, 3:11 usiku. Mhariri, nimeibana na makala hii kwa pini.