Kabla ya kung'oa benchi la gari-nyumba



Wasomaji wa ukurasa huu wametuzoea kwa mambo ya jikoni na malezi. Leo tunawaomba watufuate mbali kidogo, hadi mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, tunakoishi. Tutazungumzia gari, tena gari ambalo wengi wenu huenda hamjapata kulipanda. Lakini ndani ya gari hilo mna meza, na juu ya meza hiyo nusura tumkosee mama yetu kwa nia njema kabisa.

Bibi wa watoto wetu alitujia kutoka Tanga. Mwanawe mwingine anaishi Minneapolis, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kwetu. Kumketisha mama wa umri wake siku nzima katika gari dogo hatukuthubutu. Magoti yanamsumbua, na haja ya choo haimpi muhula. Chakula cha halali njiani ni cha kubahatisha. Basi tukashauriana na ndugu yetu wa Minneapolis. Mkopo wa riba tuliukataa sote, tukachanga akiba zetu na kununua gari-nyumba lililokwishatumika: gari lenye injini yake, ambalo nyuma ya dereva mna vitanda, jiko, choo, bafu, tangi la maji safi na matangi ya maji machafu. Fedha ile ilikuwa jasho la miaka ya nyumba mbili, na nafasi ya kukosea hatukuwa nayo.

Magari-nyumba ya huku yamegawanywa katika madaraja matatu. Daraja A lina umbo la basi. Daraja B ni gari jembamba la mizigo lililogeuzwa makazi, nalo huwatosha watu wawili, au watatu wenye subira. Daraja C hujengwa nyuma ya kichwa cha gari la kawaida, na juu ya dereva huwa na kitanda kipana. Familia ya watu sita kama yetu, baba, mama, watoto watatu na bibi yao, kwa kawaida huangukia daraja C. Lakini daraja halikuambii jinsi utakavyoishi ndani. Linalokuambia ni ramani ya ndani: nani atalala wapi, ataketi wapi, atapitia wapi usiku.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba muuzaji huhesabu vitanda, nasi tulipaswa kuhesabu mikanda. Gari tulilolipenda lilitangazwa kuwa ni la watu wanane: wawili kitanda cha chumbani nyuma, wawili kitanda cha juu ya dereva, wawili vitanda vya ghorofa vya ukumbini, na wawili penye meza ya kulia, ambayo hushushwa katikati ya mabenchi yake mawili, ikatandikwa mito na kuwa kitanda. Wanane kweli watalala. Lakini sheria ya Marekani inataka kila gari-nyumba jipya linapotoka kiwandani libandikwe kibao kinachotaja mambo mawili: uzito wa juu kabisa wa watu na mizigo yao, na idadi ya viti vyenye mikanda. Kibao cha gari letu kilisema viti sita. Nane ni hesabu ya usiku. Gari linapokwenda, hesabu ni sita.

Kibao hicho hicho kinaonya kuwa maji nayo ni mzigo. Lita moja ni kilo moja. Sisi tuliruhusiwa kilo 1,000 kwa jumla. Watu sita tulikuwa kilo 380, na tangi lililojaa ni kilo 160. Zilibaki kilo 460 za vyakula, nguo, matandiko, vyombo na zana. Ukinunua kwa kutazama makabati tu, utayajaza yote, na magurudumu ndiyo yatakayolipa.

Jambo la pili tulijifunza kwa chaki. Mchoro wa muuzaji ni mdogo kama kiganja, na katika karatasi kila kitu huenea. Jumapili moja tulichukua futi kamba na chaki, tukachora ramani nzima kwa vipimo vyake halisi katika uwanja wa kuegesha magari wa msikiti wetu. Watoto wakalala kwenye vitanda vya chaki. Mama akasimama penye jiko la chaki, na baba akajaribu kumpita bila kumgusa, asiweze. Ramani mbili tulizokuwa tumezipenda zilikufa pale pale.

Chaki ilituonyesha pia hila ya ukuta unaochomoza. Magari mengi yana sehemu ya ubavuni ambayo, gari likiisha kuegeshwa, husukumwa nje kwa mota ili sebule ipanuke. Ni neema, ila katika vituo vya mapumziko vya barabara kuu mara nyingi hakuna nafasi ya kuifungua. Kwa hiyo tuliichora ramani ikiwa imefunguliwa, kisha tukaichora ikiwa imefungwa. Baadhi ya magari, ukuta ukirudi ndani, huwezi kuufikia mlango wa choo. Na pale ambapo mabenchi ya kulia yamejengwa ndani ya ukuta huo, sakafu yake huwa imeinuka kuliko ya ukumbi, hata busati halitandiki sawasawa.

Tukaitafutia sala nafasi yake. Kutoka Ohio, kibla kiko upande wa kaskazini-mashariki, lakini gari haliegeshwi kila siku kuelekea upande mmoja. Leo kibla kitaangukia kwenye jiko, kesho kwenye mlango. Ndiyo maana ukumbi mrefu mwembamba haukutufaa; tulihitaji nafasi iliyo karibu na mraba, inayokubali mswala kwa upande wowote. Kwa udhu tulichagua bafu lililotengana na choo, lenye karai la chini na bomba la mkono, ili Bibi aweze kuosha miguu bila kuinyanyua hadi kwenye sinki.

Nafasi ya mraba ingetoka wapi? Sote tuliitazama meza. Na hapo ndipo tulipoanza kukosea.

Mabenchi mawili yanayotazamana na meza katikati yalikuwa yamemeza sehemu bora ya ukumbi. Tukaazimia kuyang'oa yote. Tutandike mkeka, tuweke sinia katikati, tule chini kama tunavyokula Tanga, kisha tukunje mkeka na kutandika miswala. Tulimweleza Bibi mpango huo akiwa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya mistari ya chaki. Akatabasamu, asiseme neno. Nasi tabasamu lile tukalichukua kuwa ni ridhaa.

Gari likanunuliwa. Fundi wa kwanza tuliyemwita aliahidi kumaliza kazi kwa siku moja, tena kwa bei ya kuvutia. Usiku wa kuamkia siku hiyo, binti yetu wa miaka kumi na minne aliingia garini na daftari lake la shule, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alituuliza: "Baba, Mama, benchi linaloangalia mbele likiondoka, wadogo zangu watafungwa wapi?"

Tuliingia naye kuhesabu. Viti viwili vya mbele, mikanda miwili. Kochi la ubavuni, mikanda miwili. Benchi linaloangalia mbele, mikanda miwili. Benchi la pili, lililoangalia nyuma, halikuwa na mkanda hata mmoja. Tukiyang'oa yote tungebaki na mikanda minne kwa watu sita. Na waliokuwa wakinyang'anywa ni mvulana wetu wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka minne, kwa sababu kiti cha mtoto hufungwa kwenye siti inayoangalia mbele. Kochi la ubavuni halifai.

Asubuhi tulimuuliza fundi. Akasema mikanda si tatizo, ataifunga kwenye mbao za sakafu. Tulimshukuru, tukamlipia nauli yake, tukamuaga. Fundi wa pili alifunua mto wa benchi na kutuonyesha kwa tochi: mikanda imefungwa kwenye fremu ya chuma, na fremu hiyo imekazwa kwa bolti zinazopita sakafuni hadi kwenye chuma cha chini ya gari. Mbao ya sakafu haiwezi kumzuia mtoto gari linapogonga.

Jioni ile tulimwendea Bibi kumpa habari kwamba mkeka wake umeshindikana. Tulidhani atasikitika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Wanangu, mwaka wa pili huu nasali nimekaa kitini. Nikishuka mkekani, nani ataninyanyua? Mkeka sikuuomba mimi. Niliomba tule pamoja."

Tuliona haya. Alikuwa akisali chumbani kwake, mlango umerudishwa, nasi tukitoka mapema kwenda kazini. Tulimchorea nafasi kwa chaki, tukampangia na adabu ya kwao, na kumuuliza hatukumuuliza. Mpango wetu wa kumheshimu ungemweka peke yake juu ya kochi, akitazama sinia lililo chini ya mikono yake.

Basi kazi ikapangwa upya. Benchi linaloangalia mbele lilibaki mahali pake, bila kuguswa hata bolti moja. Benchi lisilo na mikanda liliondolewa, na kitanda cha mezani kikaenda nalo. Hatukukihitaji, kwani vitanda vingine vilitosha watu sita. Chini ya benchi hilo tulikuta pampu ya maji, bomba la hewa ya moto, na ubavuni mwake kengele ya kutambua gesi. Yeyote anayetaka kung'oa atazame kwanza kilichofichwa. Pampu ilihamishiwa kabati la jirani. Bomba lilijengewa kisanduku kifupi cha plaiwudi chenye matundu. Kengele ilibaki chini kabisa, kwa sababu gesi ya propeni inayotumika jikoni ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Ukiipandisha juu kwa ajili ya uzuri, itachelewa kukuamsha.

Meza ya zamani, nzito na ya pembe nne, ilitoka. Mahali pake tuliweka meza ya duara, upana wa sentimita 80, yenye mguu wa chuma unaochomolewa. Kabla ya kutoboa sakafu kwa ajili ya kikombe cha kushikilia mguu, fundi alilala chini ya gari kuhakikisha hakuna waya, bomba wala tangi mahali hapo. Meza inasimama kati ya benchi na kochi: wawili huku, wawili kule, na wawili kwenye stuli za kukunja. Sinia linakaa katikati, na mkono wa kila mmoja unalifikia. Meza ikiondolewa na ukuta ukiwa umefunguliwa, panabaki nafasi ya takriban mita moja na nusu kila upande. Miswala miwili inaenea, kibla kiwe upande wowote, na kiti cha Bibi kando yake.

Sharti moja tumelifanya kuwa sheria ya nyumba: gari halitoki mpaka meza imelazwa chini ya kitanda cha nyuma na kufungwa kwa mkanda, stuli ziko kabatini, na kila mtu amefungwa kitini pake. Kitu kisichofungwa, gari likifunga breki, huruka. Na baada ya marekebisho tulilipeleka gari, likiwa limejaa watu, maji na mizigo, kwenye mizani ya malori, tusitegemee makisio.

Tulisafiri siku mbili. Bibi alikaa mbele kwa dereva, kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Siku ya kwanza tulisimama mapumzikoni katika jimbo la Indiana, upande wa Elkhart, kaunti ambako sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Marekani huundwa, na letu likiwa mojawapo. Tulipomwambia hivyo akacheka: "Kumbe limepita kwao kusalimia!"

Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa, wawili wawili, Bibi kitini pake. Kisha meza ikasimamishwa, sinia la wali wa nazi na samaki likawekwa. Bibi aliketi kwenye benchi lile lile ambalo tulikuwa tumelihukumu, akaukunja mkono wa baibui, akaanza kuchambua miba na kuwasogezea wajukuu minofu upande wao wa sinia. Mdogo wetu wa miaka minne alimuuliza kwa nini yeye hali. Akamjibu, "Nakula, mjukuu wangu. Hivi ndivyo ninavyokula."

Kwa mwenye kufikiria gari kama hili, au hata chumba kimoja cha kuishi watu sita, ushauri wetu ni mfupi. Hesabu mikanda kabla ya vitanda. Chora kwa chaki kabla ya kulipa. Funua benchi kabla ya kuling'oa. Na mzee akitabasamu bila kusema neno, vuta kiti ukae naye, umuulize tena.

Wabillahi tawfiq.