Lahaja Nyingi Si Kisingizio

Nimechoka kusikia, katika semina zetu za isimu, kwamba Kidinka, lugha ya jamii kubwa kuliko zote Sudani Kusini, hakifai darasani kwa kuwa kina lahaja nyingi. Wasemao hayo huzihesabu kwa vidole, Kirek, Kiagar, Kibor, Kipadang, kisha hutikisa kichwa kama tabibu aliyekata tamaa.

Basi na tuikumbuke historia. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, ingawa watetezi wa Kimvita walinung'unika, tena kwa hoja zenye uzito. Mwaka huohuo mkutano wa Rejaf, kusini mwa Sudani, ulikiweka Kidinka miongoni mwa lugha za kuandikiwa vitabu vya shule. Lugha mbili, mwaka mmoja, chini ya Mwingereza yuleyule. Kiswahili kikapata kamati, kamusi na wachapaji. Kidinka, baada ya uhuru wa Sudani mwaka 1956, kikapata sera ya Uarabishaji na miongo ya vita. Kilichotofautisha hatima zao si lahaja. Ni dola na fedha.

Wengine husingizia tahajia. Ni kweli, Kidinka hutenganisha irabu za kawaida na irabu za pumzi, ambazo aghalabu huwekewa nukta mbili juu. Lakini mtoto wa Kidinka hahitaji kufundishwa sauti hizo, alinyonya nazo. Anahitaji kitabu.

Iko hoja moja nisiyoidharau. Tangu vita vya mwaka 2013, wapo wanaoona kila heshima kwa Kidinka kuwa ni ubabe wa Wadinka. Hofu hiyo ina makaburi nyuma yake. Hata hivyo, Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Dawa, basi, ni kumpa mtoto wa Kinuer na wa Kibari kitabu cha lugha yake, si kumnyima Mdinka cha kwake.

Nasi Waswahili tuone haya kidogo. Sudani Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, tulishangilia kwamba Kiswahili kimepata uwanja mpya. Twende Juba, naam. Ila tusiende kama Kiingereza kilivyotujia sisi. Kiswahili kimkute mtoto yule tayari anajua kusoma, kwa lugha ya mama yake.